Ulimi wa Jeneviva na Magunia ya Kampuni

Vijana wangu, barua yenu imenifika. Ina nembo tatu juu na mbili chini, na katikati mistari sita inayonialika kwenye semina ya biashara za kijamii. Mnataka Mama Zena wa Buyenzi, msagaji mstaafu, aje aeleze jinsi kampuni kubwa inavyoweza kuishika mkono biashara ndogo ya jamii mpaka ikue. Mmenipa dakika kumi, kati ya chai na picha ya pamoja. Katika dakika kumi mimi sijamaliza kukagua beseni moja la mihogo. Basi nawaandikia hapa nyumbani, nimekaa, na hakuna wa kunionyesha saa.

Semina zenu nazijua. Wakubwa wanapangiwa chupa za maji mbele, na aliyetembea kwa miguu kutoka Cibitoke anakaa nyuma na kiu yake. Halafu anasimama kijana mwenye kitambulisho shingoni kutufundisha sisi neno "ustahimilivu". Mnisamehe, lakini nilicheka peke yangu mpaka mjukuu akaja kuuliza kama naumwa.

Sisi tulikuwa wanawake saba na mashine moja ya kusagia, kwenye kibanda cha mabati nyuma ya gereji, hapa Buyenzi, katikati ya vita. Wengi wetu tulikuwa wajane. Mashine ilikuwa ya mzee Seif, Mwarabu wa asili ya Oman aliyezaliwa hapa hapa Bujumbura, ambaye duka lake lilifungwa kwa kukosa bidhaa. Alituachia kwa sharti moja tu, tuwasagie watu wa nyumba yake bure maisha yao yote. Tulikubali haraka bila kuuliza ni wangapi, na hapo ndipo nilipojua kwamba wale watu wanaojisifu kwa pilau wanaweza kumaliza ugali wa kijiji kizima.

Asiye na kitu tulimsagia bure, kwa zamu. Kila mmoja wetu alikuwa na siku yake ya kuwabeba wasio na kitu. Hatukuwa na jina la utaratibu huo. Siku zile mitaa ya Mutakura na Cibitoke ilikuwa imegawanyika, watu wamefukuzana nyumba kwa nyumba kwa sababu za kabila mnazozijua, na mwanamke wa upande huu hakuweza kupita mtaa wa upande ule. Kwetu walisimama mstari mmoja na mabeseni yao, wakisukumana viwiko kugombania nafasi. Mtu wa semina angeuita upatanisho. Sisi tuliuita foleni, na aliyeruka foleni tulimrudisha nyuma bila kumuuliza ukoo.

Sasa niwaambie habari ya mihogo, maana nyinyi unga mnauona dukani tayari umefungwa. Muhogo mchungu una sumu. Watu waliupanda kwa wingi wakati wa vita kwa sababu mwizi hautaki na askari mwenye njaa hawezi kuung'oa na kuutafuna njiani. Lakini lazima uuvundike majini siku tatu, siku nne, mpaka ulainike wenyewe, ndipo uumenye na kuuanika. Ukifupisha siku, sumu inabaki. Inakauka pamoja na muhogo, inasagwa, inapikwa, inaliwa, na kwa macho huoni kitu.

Kwa hiyo kwetu hakuna beseni lililomwagwa kwenye mashine kabla halijaonjwa. Na muonjaji wetu alikuwa Jeneviva, mjane wa Mutakura, Mkatoliki, mwembamba, mtu asiyecheka ovyo. Alikuwa amekimbilia Buyenzi na sanduku moja, akapanga chumba nyuma ya msikiti. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, ingawa mimi ndiye niliyekuwa mwenyeji.

"Chukua ya chini ya beseni, Mama Zena," aliniambia siku ya kwanza. "Ya juu ni ya kuonyesha wageni."

Unazamisha mkono mpaka chini, unatoa kipande. Kwanza unakivunja kwa vidole. Ulioiva majini unavunjika na kumomonyoka, na nyuzi zinatoka zenyewe; ambao haujaiva ni mgumu, unang'aa ndani. Kisha unatafuna kidogo kwa meno ya mbele, unasukuma nyuma ya ulimi, unafunga mdomo na kungoja. Uchungu hauna haraka. Unakuja baada ya kuhesabu kumi, ukiwa umeshaanza kuamini mambo ni mazuri. Wakati unangoja, unamtazama mwenye beseni usoni. Mwenye mihogo mibaya huanza kujieleza kabla hujamuuliza kitu.

Ukisikia uchungu, unatema, unasukuma beseni pembeni. Na hapo ndipo unapotukanwa. Tulitukanwa kwa Kiswahili, Kirundi na Kifaransa, na mmoja alitutukana kwa Kilingala, tukamwomba arudie kwa sababu tusi lenyewe lilisikika vizuri. Siku moja alikuja mke wa mtu mkubwa mtaani, na mfanyakazi nyuma amebeba beseni. Jeneviva alionja, akatema, akarudisha.

"Unanirudishia mi?" yule mama akasema. "Unajua bwana yangu ni nani?"

"Bwana yako sijamuonja," Jeneviva akajibu. "Nimeonja mihogo. Iko muchungu. Rudia kuvundika."

Foleni nzima ilicheka isipokuwa yule mama na Jeneviva mwenyewe.

Na mimi nilikosea, msidhani nilizaliwa na ulimi. Mwezi wangu wa kwanza nilionja beseni nikiwa nimetoka kunywa kahawa ya tangawizi. Ulimi ulikuwa umekufa ganzi, nikasema safi. Jeneviva alipitia nyuma yangu, akatafuna kipande, akanitazama kama mtu anayemtazama mwizi, akachukua kikombe changu na kumwaga kahawa nje. Tangu siku ile sikunywa kahawa kabla ya adhuhuri mpaka nilipostaafu. Mwezi wa Ramadhani mimi nilifunga, na kwa kuwa sikutaka kuchezea funga yangu, kuonja kote kuliachwa kwake. Alikuwa akilalamika kwamba Waislamu tumemfanyia njama afe na uchungu wa mihogo.

Haya. Wakati nchi jirani zilipotuwekea vikwazo, mazuti, yaani dizeli ya mashine, ilipotoweka mjini, fundi wa gereji ya mbele alitulishia mashine mafuta ya mawese yaliyochujwa kwa kitambaa. Ilisaga ikikohoa, na mtaa mzima ukanuka kikaango. Hapakuja kampuni wakati huo. Hakuna kampuni inayopenda kukuona unakohoa. Walikuja vikwazo vilipolegea, tukiwa tumesimama tayari kwa miguu yetu, na hili mlitie akilini.

Aliyekuja alikuwa Bwana Dezire, kijana nadhifu wa kampuni moja kubwa ya kuagiza bidhaa. Jina la kampuni nalihifadhi kwa sababu nina wajukuu wanaotafuta kazi. Alikuja na viatu vya ngozi kwenye mtaa wa oili chafu, akazunguka kibanda mara mbili, akasema:

"Bamama, muko na potentiel kubwa sana."

Jeneviva aliniuliza kwa sauti ya chini kama huo ni ugonjwa.

Alisema kampuni yake inataka kusaidia biashara zinazosaidia watu, ili zikue. Lazima mukue, alisema, na neno hilo alilirudia mpaka nikajiona mtoto anayepimwa mlangoni. Alitazama foleni, akatazama saa yake, akatikisa kichwa. Beseni moja moja! Kila mtu na unga wake! Hiyo, alisema, ni njia ya zamani. Yeye angeleta mihogo kwa lori kutoka milimani, tuisage yote pamoja, tuifunge kwenye magunia mazuri, na kampuni iyapeleke kwa watu waliohamishwa na vita, kwenye kambi iliyokuwa kaskazini mwa mji. Watu watakula, sisi tutakua, na kampuni itajulikana kwa wema wake. Kusema kweli, lile la tatu alilieleza kwa undani kuliko mengine.

Tulipewa mashine mpya. Tulipewa mizani, aproni za rangi ya kampuni, kofia za rangi ya kampuni, na kibao cha bati kikubwa kuliko mlango wetu. Mimi nilipewa kiti cha magurudumu madogo, cha ofisini, na cheo cha présidente. Nilikuwa sijawahi kukalia kiti kinachozunguka. Nitawaambia ukweli kwa sababu nimezeeka na aibu imechoka kunifuata: nilizunguka. Siku nzima nilizunguka. Mtu anaweza kununuliwa kwa kitu kidogo sana, na baya zaidi ni kwamba wanunuzi wanajua bei.

Na tulipewa vitambaa vyeupe vya kufunika mdomo. Bwana Dezire alikuwa amemwona Jeneviva akitafuna na kutema, na uso wake ulikunjamana kama aliyekanyaga kitu. Alinivuta pembeni.

"Maman Présidente, ile ya kutema apana. Ni microbes. Directeur akiona ile, projet imekufa."

"Lakini ndiyo kazi," nikasema.

"Kazi iko kwa mashine sasa. Mufunike midomo, yote."

Nilirudi na vitambaa saba mkononi. Wenzangu watano walivaa, wakacheka, wakaitana madaktari. Jeneviva alikiweka chake juu ya gunia.

"Mi nikifunika mudomo, nitaonja na nini?" aliuliza. "Na pua?"

"Onja kabla ya kuvaa," nikasema.

"Lori nzima? Mihogo ya watu mia, imechanganyika, ya nani nitairudishia? Mama Zena, beseni iko na mwenyewe. Lori haina mwenyewe."

Alikuwa na haki kabisa, na nilijua. Niliendesha kiti changu kidogo nyuma, nikasema kwa sauti ya présidente, sauti ambayo sikuwa nayo wiki moja kabla: "Vaa kama wengine, ao ukae nyumbani."

Alivua aproni, akaikunja vizuri, pembe kwa pembe, akaiweka juu ya kile kitambaa. Akaondoka. Jirani yangu, mwalimu wangu, mtu niliyekuwa nikila naye sahani moja kila siku ya Mungu, nilimfukuza kwa ajili ya kipande cha kitambaa. Sina la kujitetea.

Lori la kwanza lilikuja siku ya Alhamisi. Ufunguzi ulikuwa Jumamosi. Nilishika kipande cha muhogo na hakikuvunjika. Nilijaribu kingine, kigumu hivyo hivyo, kinang'aa ndani. Nikamuuliza dereva mihogo imevundikwa siku ngapi. Alicheka, si kwa ubaya.

"Mama, kule watu wanang'oa na kukimbia. Wanalowanisha usiku moja, wanaanika kwa barabara, wanauza. Siku tatu nani atangoja risasi?"

Nilimpelekea Bwana Dezire kipande kile mkononi. Alikuwa anapima mahali pa kuweka hema la wageni.

"Iko muchungu hii," nikamwambia. "Lazima irudi."

"Irudi wapi? Maman, Jumamosi directeur anakuja, journaliste anakuja. Nitawaambia nini? Mihogo iko muchungu?"

"Ndiyo."

"Ikipikwa itaisha," akasema. Mtu ambaye maishani mwake hajawahi kusonga ugali aliniambia mimi ikipikwa itaisha. Na mimi, mwanamke mzima, mama wa watoto, nikarudi nikawasha mashine. Nyundo za mashine ziligonga ile mihogo migumu mpaka mabati yakatetemeka. Msagaji yeyote anajua sauti hiyo, na fundi wa gereji alikuja mlangoni kuuliza kama tunasaga mawe. Nikamwambia mashine ni mpya, bado haijazoea.

Jumamosi walikuja na magari. Directeur alikata utepe, akashika kiganja cha unga, akatabasamu kwenye kamera, akafuta mkono. Hotuba nne zilitolewa. Kisha wageni walikula wali na nyama ya kuchoma kutoka hoteli. Hakuna hata mmoja aliyekula unga wetu, wala mimi sikula. Nyumbani kwangu tuliendelea na unga wa beseni langu, nilioukagua mwenyewe. Hilo nililifanya bila kufikiri, kama mtu anayeruka dimbwi, na ndilo linaloniumiza kuliko yote. Mkono wangu ulijua nilichokataa kusema.

Yale magunia yalikuwa mazuri. Meupe, yamechapwa nembo, na chini yake picha ya mwanamke anayetabasamu, ambaye hakuna mtu Bujumbura aliyewahi kumwona. Yalikwenda kambini kila wiki, na lori baada ya lori mihogo ilikuwa ile ile. Wiki ya tatu dereva alileta habari kwamba kule watu wanalalamika kizunguzungu na kutapika baada ya kula. Nikampelekea Bwana Dezire.

"Ni njaa," akasema. "Mutu akikaa na njaa siku mingi, akikula anatapika. Ni normal."

Nikajiambia ni njaa. Kiti bado kilizunguka.

Jeneviva wakati huo alikuwa anafua nguo za watu. Alikuwa na binti, Konsolata, na Konsolata alikuwa na mtoto wa miaka kumi, Ines. Hao wawili walikuwa kambini kule kaskazini, na kwa miezi miwili barabara ilikuwa mbaya hata Jeneviva hakuweza kwenda. Lori la kampuni lilipita kwa sababu lilikuwa na askari. Nilijua wapo kule. Nataka mlisome hili vizuri: nilijua.

Asubuhi moja, wiki ya sita, Ines aliamka akashindwa kusimama. Hakuanguka, hakuumwa homa. Miguu ilikakamaa tu. Akishikwa alisimama kwa ncha za vidole, magoti yakigongana, visigino havifiki chini. Konsolata alimfunga nyuma ya baiskeli ya jirani, wakaihatarisha ile barabara mpaka mjini, na daktari baada ya kumpima aliuliza swali moja tu, mtoto amekuwa akila nini. Ugali na majani, akajibiwa, ugali na majani kila siku. Daktari akauliza ugali wa nini. Alieleza kwamba ugonjwa huo huwapata wanaokula mihogo michungu isiyovundikwa vizuri, siku nyingi, bila nyama wala maharage, na kwamba miguu ikishakakamaa namna hiyo hairudi. Hakukosea. Ines leo ni mwanamke mzima, na visigino vyake bado havijagusa ardhi.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi ndiye sikusikia, na guu lililovunjika halikuwa langu.

Baadaye nilimuuliza Konsolata kama hawakusikia uchungu. Alinijibu bila hasira, na afadhali angenipiga.

"Tulisikia. Lakini gunia lilikuwa nzuri, iko na picha. Tukasema watu wakubwa kama hawa hawawezi kutupa kitu kibaya. Tukasema ni sisi ndimi zetu zimeharibika."

Mmesikia? Mwanamke aliyelelewa na ulimi bora kuliko wote wa mji huu aliuamini mfuko kuliko mdomo wake. Ndiyo kazi ya nembo, vijana. Zile tano mlizoweka kwenye barua yangu zinafanya kazi hiyo hiyo, msijidanganye.

Nilikwenda kwa Bwana Dezire, safari hii nikipiga kelele, na kitambaa nimekivua. Alisema hakuna uthibitisho, kwamba watoto wa vita wana magonjwa mengi, na kwamba directeur ana huzuni. Kesho yake lori halikuja. Keshokutwa walikuja watu wawili mchana kweupe kung'oa kibao. Walikuwa wamesahau ngazi. Wakaazima yetu, wakapanda, wakakishusha taratibu wasikikwaruze, wakakifunga kwa blanketi kama mgonjwa, wakaondoka nacho. Hakuna aliyeuliza Ines amelala juu ya nini. Ngazi walituachia imeegemea ukutani, nashukuru, walikuwa na adabu. Mwaka uliofuata mtu alinionyesha kijitabu cha kampuni. Kilikuwa na picha yangu kwenye kile kiti, na maneno kwamba mradi umekabidhiwa jamii kwa mafanikio.

Kiti nilikiuza kwa fundi, na fedha alizonipa nilimpelekea Konsolata. Alikataa. Nilimwachia mlangoni, akamtuma mtu kuzirudisha.

Foleni ilikuwa imekwisha; habari ya Ines ilikuwa imefika kila mtaa. Wanawake walipita mbele ya kibanda na mabeseni vichwani, wakaenda kwa wasagaji wengine mbali, wengine wakivuka mitaa ambayo kuvuka kwake kulikuwa hatari. Wale wenzangu watano walinitazama mimi, maana présidente nilikuwa mimi. Nilikaa nyumbani siku nne. Siku ya tano, saa za mchana, mlango ulisukumwa bila hodi.

Jeneviva aliingia na sahani iliyofunikwa. Nyuma yake alikuja Ines, ameshikilia fimbo kwa mikono miwili, akitembea kwa ncha za vidole, polepole sana, jasho linamtoka puani. Walikuwa wametembea kutoka nyuma ya msikiti. Mtu mzima huchukua dakika tatu. Sijui wao walichukua muda gani.

Aliweka sahani mkekani, akafunua. Ulikuwa ugali, mweupe, wa moto bado, bila mchuzi wala kitoweo. Sikuuliza ni wa unga gani.

"Karibu, Présidente," akasema. "Kula."

Nilinawa. Kwetu hukatai chakula ulicholetewa nyumbani, na hata kama ingekuwa desturi kukataa, nisingekataa. Nilikata tonge, nikatia mdomoni. Nikangoja kama alivyonifundisha. Uchungu ulikuja nyuma ya ulimi, ukapanda, ukajaa mpaka masikioni. Nikameza. Nikakata la pili. Jeneviva alikuwa amesimama, mikono imefungwa kifuani, ananitazama usoni kama alivyokuwa akiwatazama wenye mabeseni. La tatu. La nne machozi yalikuwa yanashuka mpaka kwenye tonge, na nilianza kueleza, nikasema lori, nikasema directeur, nikasema Jumamosi.

"Kula," akasema.

La tano nililitia mdomoni. Nikalisukuma kwa kidole. Sikutazama juu. Nilisikia fimbo ikigonga sakafu mara tatu, nne, halafu nikaona mkono mdogo umeshika ukingo wa sahani, unaivuta.

"Nyogokuru, inatosha," Ines akamwambia bibi yake. "Muache. Atakuwa mugonjwa."

Hakuweza kuinama vizuri, kwa hiyo sahani iliburuzika, ikapinduka, ugali ukamwagika mkekani. Hakuna aliyeuokota. Jeneviva alimshika mtoto kiunoni asianguke, akamgeuza taratibu kuelekea mlangoni. Hapo ndipo aliponiambia bila kugeuka:

"Mutoto amekusamehe. Mi bado. Kesho saa moja fungua mashine, mi nitakuja kuonja."

Alikuja. Mwanamke wa kwanza alipomwona Jeneviva mlangoni, mdomo wazi, alishusha beseni lake, na kabla ya wiki kwisha foleni ilikuwa imefika gereji. Tulisaga pamoja miaka mingi baada ya hapo, mpaka vita vikaisha, mpaka nywele zetu zikawa rangi ya unga bila unga. Tulicheka, tuligombana, tulikula tena sahani moja. Alipougua mimi ndiye niliyemuogesha, na nilikuwepo alipokata roho. Ile "bado" hakuiondoa, na mimi sikuwahi kumwomba.